Sindano ya Shaba: Kwa Nini Jamaa Humuua Jamaa



Wahenga walituachia methali mbili ambazo zikikalishwa pamoja haziachi kubishana. Ya kwanza yasema: Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Ya pili yajibu: Kikulacho ki nguoni mwako. Ya kwanza humfanya ndugu wa damu kuwa ngao ya mwisho. Marafiki wa mezani hutawanyika siku ya shida, naye hubaki. Ya pili hutuonya kwamba anayetudhuru hahitaji kuvuka mto kutufikia, kwa kuwa tumelala naye chini ya paa moja. Mtu anaweza kusema kwamba methali zimezoea kupingana, na kila moja ina siku yake. Nakubali. Lakini swali linabaki palepale: ni siku gani hiyo? Ni kitu gani kinachomgeuza mzaliwa nawe akawa kikulacho?

Nilisomea ualimu chuoni, nikafundisha Kiswahili katika shule za sekondari mpaka nilipostaafu. Kila mwaka tulipofika kwenye kisa cha Fumo Liyongo niliwauliza wanafunzi kwa nini mwana alimuua baba yake, na kila mwaka jibu lilikuwa neno moja: tamaa. Mtahini hutoa alama kwa jibu hilo, na safari ya fikra huishia hapo. Mimi halikunitosha. Tamaa ni kama njaa: kila mtu anaijua, lakini si kila mwenye njaa huiba. Wana wangapi duniani wametamani cheo, mali au mke wasiweze kuvipata, na bado hawakunyanyua mkono juu ya baba zao? Neno linaloeleza watu wote halijamweleza yeyote.

Sasa nina wasaa, nimejaribu kulitafuta jibu pana zaidi. Nimeanzia katika utenzi, nikapita katika historia ya pwani yetu, kisha nikarejea bara, hadi kwenye miteremko ya Mlima Meru na mashamba ya Usukuma. Niliyoyapata nayaleta kwenu muyapime.

Kisa cha mwana na kitovu

Habari za Liyongo tunazipata kwa urefu katika utenzi ulioandikwa mwaka 1913 na Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu, ingawa masimulizi yenyewe ni ya kale zaidi. Edward Steere alikuwa amekwisha kuchapisha hadithi ya shujaa huyo London mwaka 1870, ndani ya mkusanyiko wa ngano alizozipata Unguja. Walimu wengi wa Tanzania wameusoma utenzi huo kupitia Tenzi Tatu za Kale, kitabu alichokihariri Profesa M. M. Mulokozi mwaka 1999. Wasomaji wa ukurasa huu wanakijua kisa. Nitakumbusha yale tu yanayolifaa swali letu.

Sultani wa Pate alimwogopa Liyongo kwa sababu aliweza kumpokonya ufalme. Akapanga auawe, na mara kwa mara akashindwa. Watu wa mwituni walimwalika kwenye karamu ya makoma, kila mmoja apande mkoma kwa zamu yake, ili zamu ya Liyongo itakapofika wampige mishale akiwa juu mtini. Liyongo hakupanda, aliyaangusha makoma kwa mishale yake. Akatiwa gerezani, na mama yake akampelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa. Akakata minyororo wakati mji ukicheza gungu, akaondoka. Jeshi, hila na gereza, vyote vilitoka nje ya nyumba yake, na kila kilichotoka nje kilimshindwa.

Hapo Sultani akaacha kutafuta nguvu, akatafuta ukaribu. Akamwita mwana wa Liyongo, akamwahidi binti yake na heshima kubwa. Mwana akaenda kwa baba, akamuuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua. Baba akamjibu: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Mwana akapewa sindano, akamchoma baba yake usingizini.

Tutulie kidogo hapo kwenye kitovu. Mwili wa binadamu una mahali pamoja tu panapobeba alama kwamba aliwahi kufungamana na mwili mwingine. Mswahili akikuuliza kitovu chako kilizikwa wapi, anauliza asili yako, yaani nani walikupokea ulipokuja duniani. Msimulizi angeweza kuuweka udhaifu wa shujaa wake kisiginoni, kama Wayunani walivyofanya kwa Achilles. Wazee wetu waliuweka kitovuni. Naamini walijua walichokifanya: pale mtu alipofungamana na ukoo wake ndipo hapo hapo anapoweza kuuawa, na mwenye kupajua ni wa ukoo wake.

Kutokana na kisa hiki naona mambo matatu yaliyokutana. La kwanza ni ukaribu: mwana alikuwa na ruhusa ya kuuliza swali ambalo adui asingeweza kuliuliza, na ruhusa ya kuingia baba alipolala. La pili ni kitu kimoja kinachotazamwa na zaidi ya mmoja. Hapa ni ufalme ambao Sultani hakutaka ugawanywe. La tatu nitaliita sauti ya tatu: mtu aliyesimama nje ya baba na mwana, akatoa ahadi, akaupa uuaji sura ya kazi yenye ujira. Tamaa ya mwana ilikuwapo, lakini Sultani ndiye aliyeipa sindano.

Nyumba ya Busaidi

Msomaji mwangalifu ataniambia kwamba utenzi si ushahidi. Basi tuulize historia iliyoandikwa, tena ya watu waliotawala pwani hii.

Sayyid Said bin Sultan, aliyeifanya Unguja makao yake na kuieneza mikarafuu visiwani, aliingia madarakani kwa damu ya binamu yake. Baba yake, Sultan bin Ahmad, aliuawa baharini mwaka 1804. Badr bin Saif, binamu wa Said, akashika hatamu za Maskati, huku akiegemea urafiki wake na Mawahabi wa Bara Arabu. Mwaka 1806 Said, kijana ambaye hajafikisha miaka ishirini, alimchoma Badr kwa jambia, akatawala kwa nusu karne. Mapokeo ya ukoo humtaja shangazi yake kuwa miongoni mwa waliomhimiza. Yapime mambo yetu matatu hapo: jamaa mwenye uwezo wa kumkaribia mwenziwe akiwa na silaha kiunoni bila kushukiwa, kiti kimoja kwa watu wawili, na sauti pembeni inayosema kwamba tendo hilo ni wajibu.

Said alipofariki mwaka 1856, milki yake iligawanyika. Thuwaini alibaki Maskati, Majid akashika Unguja, na mwaka 1861 Waingereza waliamua kwamba kila upande ujitegemee, Unguja ikiilipa Maskati riyali 40,000 kila mwaka. Miaka mitano baadaye, mwaka 1866, Thuwaini aliuawa katika mji wa Sohar akiwa amelala. Aliyemuua ni mwanawe Salim. Salim alitawala kwa muda mfupi. Mwaka 1868 alikwisha kuondolewa na Azzan bin Qais.

Sidai kwamba historia ilimwiga Liyongo. Nasema tu kwamba baba aliyelala na mwana aliyesimama juu yake ni picha ambayo mtunzi wa pwani hakuhitaji kuibuni. Kijumwa alipoandika utenzi wake mwaka 1913, kisa cha Sohar hakikuwa hata na miaka hamsini.

Lakini ukoo huo huo unatupa kisa kingine, na hiki ndicho kinachonifundisha zaidi kwa sababu hakikuishia kaburini. Mwaka 1859 Barghash alimwasi kaka yake Majid. Baadhi ya dada zao waliingia katika njama, akiwemo Binti Salme, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete, na ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Barghash alishindwa kwa msaada wa Waingereza, akapelekwa Bombay. Baadaye aliruhusiwa kurejea, na Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash akawa Sultani, akatawala hadi mwaka 1888.

Kwa nini Majid hakumuua Barghash? Ukaribu ulikuwapo, wamezaliwa na baba mmoja. Kiti kilikuwa kimoja. Tamaa ilikuwapo tele. Kilichobadilika ni sauti ya tatu. Konsuli wa Kiingereza alitaka utulivu, wala simpambi kwa huruma. Alikuwa na masilahi ya nchi yake ya kulinda. Hata hivyo, sauti hiyo ilifungua mlango wa kutokea: kulikuwa na Bombay ya kumpeleka ndugu aliyeshindwa. Ugomvi wa jamaa uliopata mlango ukaishia uhamishoni, na muda ukafanya kazi ambayo jambia ingeifanya vibaya.

Kiti cha enzi cha mkulima

Labda utaniuliza: hayo ni ya masultani, sisi tusio na enzi yanatuhusu nini? Jibu langu ni kwamba kiti cha enzi cha mkulima ni shamba lake.

Mlima Meru ninaouona kila asubuhi kunapokuwa hakuna mawingu una mteremko wenye rutuba, na chini yake tambarare kavu. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliwapa walowezi mashamba makubwa chini ya makazi ya Waarusha na Wameru, watu wakabanwa kati ya msitu wa mlimani na mashamba ya wageni. Mwaka 1951 Wameru walifukuzwa Engare Nanyuki kwa nguvu, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa kuieleza dunia dhuluma hiyo. Kisa hicho hufundishwa shuleni kama sura ya kupigania uhuru, na ndivyo kilivyo. Lakini kilikuwa na upande wa ndani usiofundishwa: ardhi ikipungua, kaka na mdogo wake ndio wa kwanza kutazamana.

Mtaalamu wa elimu ya jamii, P. H. Gulliver, aliishi na Waarusha katika miaka ya 1950, akachapisha kitabu juu yao mwaka 1963. Aliikuta ardhi imekuwa haba na magomvi ya mashamba na urithi ni mengi. Alichokishangaa ni namna magomvi hayo yalivyomalizwa. Watu walikutana katika vikao vya ukoo na vya rika, kila upande na wasemaji wake, wakazungumza mpaka wakapatana. Hapakuwa na hakimu wa kutoa amri. Tena mtu alikuwa na nyumba zaidi ya moja: leo anasimama na ukoo wake, kesho na rika lake, na mpinzani wake wa leo huenda akawa msaidizi wake kesho. Ndugu wawili hawakuachwa peke yao na shamba moja kati yao.

Katika utaratibu wa wafugaji wa eneo hili, ukoo wa muuaji hulipa ng'ombe kwa ukoo wa aliyeuawa, na malipo hayo huwarudisha watu kwenye kuishi pamoja. Sasa fikiri: ndugu akimuua ndugu, ng'ombe watoke zizi gani waende zizi lipi? Mdai na mdaiwa ni mtu mmoja. Hili ni deni ambalo haliwezi kulipwa kwa sababu halina upande wa pili. Ndiyo maana jamii nyingi ziliogopa uuaji wa jamaa kuliko uuaji mwingine wowote, na ndiyo maana zilijenga vikao vingi kabla ya kufika huko.

Sheria ya Kiislamu ililiona jambo lile lile kwa njia yake. Muuaji hamrithi aliyemuua. Kanuni hiyo ni fupi, lakini ndani yake mna utambuzi mzito: waliojenga elimu ya mirathi walijua kwamba urithi unaweza kuwa sababu ya kifo, wakaziba njia hiyo kwa kuufanya uuaji usilipe.

Mvua na bibi kizee

Tuvuke magharibi hadi Usukuma, ambako suala hili si la kale. Kwa mujibu wa takwimu za serikali zilizotumiwa na watafiti, akiwemo Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara katika matukio yaliyohusishwa na tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya vifo ilitokea Usukuma. Wanawake hao walikuwa wazee, mara nyingi wajane, macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa maisha mazima, na wekundu huo ukasomwa kama ushahidi.

Mwaka 2005 mchumi Edward Miguel alichapisha utafiti alioufanya katika wilaya ya Meatu. Alilinganisha miaka ya mvua ya kawaida na miaka ya ukame au mafuriko. Katika miaka mibaya, mauaji ya wanaodaiwa kuwa wachawi yalikuwa takriban mara mbili ya miaka mingine. Mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Na wauaji, kwa kawaida, walikuwa jamaa wa marehemu.

Msomaji, soma tena aya hiyo polepole. Kama chanzo kingekuwa imani tu, imani haipandi na kushuka na kipimo cha mvua. Kama chanzo kingekuwa hasira au ukatili, mauaji mengine pia yangeongezeka. Kilichopanda ni kifo cha mtu mmoja mahususi: mzee aliye ndani ya nyumba, anayekula na hawezi tena kulima. Chakula kilipopungua, nyumba ilitafuta wa kupunguzwa, na tuhuma ya uchawi ikatoa ruhusa.

Hapa pia sauti ya tatu ipo. Mpiga ramli huulizwa ni nani aliyeleta maafa, naye hana haja ya kumtaja mgeni. Muulizaji huja na jina moyoni, na ramli hulitamka kwa niaba yake. Serikali ililiona hilo: mwezi Januari 2009, wakati nchi imetikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Ilikuwa hatua ya kuinyamazisha sauti ya tatu. Lakini shamba lilibaki na ukame, na mjane alibaki hana mahali imara pa kusimama. Tamko la sheria za kimila la mwaka 1963 lilikwisha kueleza kwamba mjane hapati sehemu ya urithi wa mumewe ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Ni maneno mazuri kwa mwenye watoto wema na mvua ya kutosha. Kwa mwingine, yanamfanya mgeni aliyekalia ardhi ya watu.

Dunia nzima ndani ya nyumba

Isije ikadhaniwa kwamba ninawanyooshea kidole Wasukuma au watu wa pwani. Watafiti Martin Daly na Margo Wilson walichunguza mauaji yaliyotokea mjini Detroit, Marekani, mwaka 1972. Waliona kwamba takriban robo ya waliouawa waliuawa na watu wa familia zao, lakini wa damu hasa walikuwa wachache sana, karibu asilimia 6 ya wote. Kundi kubwa lilikuwa la wanandoa. Na Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba katika mwaka 2022 wanawake na wasichana wapatao 89,000 waliuawa kwa makusudi duniani, na zaidi ya nusu yao, karibu 48,800, waliuawa na wenzi au jamaa zao. Kwa wanaume, sehemu hiyo ni ndogo sana.

Takwimu hizi zinazipatanisha methali zetu mbili. Damu inalinda kweli: mzaliwa nawe, kwa kawaida, hakuui. Lakini nyumba si damu peke yake. Nyumba ni ndoa, mali, kazi, umri, na mamlaka ya mmoja juu ya mwingine. Na mwanamke ndiye anayekutana na hatari hiyo zaidi kwa sababu mara nyingi ndiye aliyeingia katika nyumba ambayo mwingine anajiita mwenyewe.

Kubadili jina

Nimeliacha la mwisho kwa sababu ndilo letu sisi wapenzi wa lugha.

Kiswahili hakina kitenzi cha pekee cha kumuua baba, kingine cha kumuua ndugu, na kingine cha kumuua mtoto, kama lugha za Ulaya zilivyoyarithi majina hayo kutoka Kilatini. Sisi tunasema tu kumuua baba, kumuua ndugu. Sioni kuwa ni upungufu. Katika sentensi yetu neno baba linabaki zima, linamtazama muuaji usoni. Ndiyo sababu muuaji hana budi kuliondoa kwanza.

Rudi kwenye visa vyote tulivyovipitia, utaona kwamba jina hubadilishwa kabla ya mkono kunyanyuliwa. Badr aliacha kuwa binamu, akawa kibaraka wa Mawahabi. Liyongo aliacha kuwa baba, akawa adui wa Sultani ambaye kichwa chake ni mahari. Bibi wa Meatu aliacha kuwa bibi, akawa mchawi. Mke huacha kuwa mama fulani, akaitwa jina ambalo sitaliandika hapa. Mzee mgonjwa huacha kuwa mzee, akawa mzigo. Jina jipya likishazoeleka mdomoni, tendo linalofuata halionekani tena kuwa la kumuua jamaa, kwa kuwa jamaa amekwisha kutoweka katika usemi.

Haya ni mabadiliko ya msamiati, na yanasikika. Jirani huyasikia. Mwalimu huyasikia watoto wakiyarudia uwanjani. Mahakama huja baada ya kifo, lakini lugha huja kabla yake, wakati mwingine miaka mingi kabla. Ikiwa ipo kazi ambayo washairi na walimu wa lugha wanaweza kuifanya katika jambo hili zito, basi ni kulisikiliza jina linapobadilika na kulirudisha. Mtu akisema, yule mchawi, aliye karibu naye amjibu: yupi, mama yako? Swali hilo ni dogo, lakini linamrudisha mtu kwenye kiti alichonyang'anywa.

Nyingine ni kazi za wenye mamlaka na za kila mwenye nyumba. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote wenye umri wa miaka 70 na kuendelea pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Kiasi hicho hakikuwa kikubwa, lakini bibi anayeingiza fedha nyumbani, hata kidogo, ni vigumu kumwita mzigo. Miguel naye aliitazama pensheni kwa jicho hilo hilo. Na sisi wazee tulio na viwanja na mashamba, tuandike wosia mapema, tuusome mbele ya watoto wote na mashahidi, tuache kuwaficha kama kwamba siri ni heshima. Mimi nimekwisha kuuandika wangu. Wanangu walikasirika kidogo, wakajadiliana kwa sauti, wakala pamoja. Napendelea wagombane nikiwa hai nami nipo kikaoni.

Mwana wa Liyongo hakuonja matunda ya ahadi aliyopewa. Alidharauliwa na watu wale wale waliomtuma, akaugua, akafa. Liyongo, baada ya kuchomwa, alijikokota hadi kisimani, akapiga goti, akavuta upinde na mshale, akakata roho katika hali hiyo. Mji mzima ukadhani yu hai. Hakuna aliyethubutu kuteka maji, na watu wakakaa na kiu kwa siku kadhaa, waliohusika na wasiohusika. Aliyetumwa kwenda kumbembeleza atoke ni mama yake.

Watunzi wengi wameimba nguvu za Liyongo. Ni wachache waliomtazama mama huyo akiteremka kisimani. Katika msiba wa kawaida kuna upande wa mfiwa na upande wa jamaa wa muuaji, na watu hujua wampe nani pole. Yeye alikuwa pande zote mbili: mama wa aliyeuawa, na bibi wa aliyeua. Nawaachia washairi wa ukurasa huu ubeti wake.